Jozi 16 za kandambili: uchambuzi wa kisa cha mashindano ya ngalawa siku ya Idd

Kisa hiki kilitokea katika ghuba moja ya Mkoa wa Mtwara, mahali fulani kati ya Sudi na Msimbati, miaka michache iliyopita wakati Idd el-Fitri ilipokuwa ikiangukia ndani ya kusi, msimu wa upepo wa kusini. Majina nimeyaondoa na watu nimewaita kwa kazi zao. Idadi ya vyombo na saa nimeziacha kama zilivyokuwa, maana bila hizo hakuna cha kujifunza hapa. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya mashindano, kwa hiyo msinichukulie kama mtu aliyekaa pembeni akitazama. Kati ya makosa makubwa matatu nitakayoeleza, mkono wangu uliinuliwa kukubali mawili.

Klabu na watu wake

Klabu ya tanga ilianza kama kijiwe. Walikuwepo wazee watatu waliostaafu unahodha, walimu wawili wa sekondari, mafundi wa vyombo, na vijana waliokuwa wakishinda ufukweni msimu wa korosho ukiisha. Siku ya kisa ilikuwa na wanachama kama 60 na ada ya shilingi 2,000 kwa mwezi, ambayo nusu yao hawalipi na hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa ajili hiyo. Ngalawa tano ni za klabu. Nyingine ni za wanachama, za kuvulia, zinazogeuka za mashindano siku mbili au tatu kwa mwaka.

Jumamosi ni mafunzo ya vijana: kuogelea, kutweka na kutua tanga, kushika usukani, na zoezi ambalo wageni hulishangaa, la kupindua chombo makusudi kwenye maji ya kifua na kukaa nacho bila kukiacha. Jumapili wazee hushona matanga chini ya mti wa mkungu. Ijumaa baada ya swala watu hukaa kwa Mama Chai.

Mama Chai hana cheo chochote kwenye klabu. Ana benchi mbili, jiko la mkaa, birika kubwa na sinia la vitumbua. Kwa kuwa hakuna anayepanda ngalawa na kandambili, kila baharia huacha zake chini ya benchi lake anapotoka na kuzichukua anaporudi. Hakuna aliyepanga utaratibu huo, na mtakuja kuona kwa nini nimeutaja.

Mwisho wa ufukwe wanapiga kambi wavuvi wa dago, watu wa Kilwa na kwingineko wanaofuata dagaa kwa misimu. Walikuwa wakichota maji kwenye bomba la klabu. Kikao kimoja kizima kilikwisha kwa ugomvi juu ya bomba hilo: wapo waliotaka wageni walipie kila ndoo, na wapo waliotaka wafukuzwe kabisa. Mama Chai, aliyekuwa anapita na vikombe, alisema mwenye kiu haulizwi kadi ya uanachama. Kikao kikahamia ajenda nyingine na wageni wakaendelea kuchota. Namba ya simu ya mkuu wao wa kambi ikabaki imeandikwa kwa mkaa ukutani, juu ya jiko.

Ghuba, upepo na mwezi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu asiyeyaelewa maji ya siku ile ataona kisa hiki kama bahati mbaya.

Ghuba yetu ni pana ndani na nyembamba mlangoni, na mlango unatazama kaskazini. Wakati wa kusi upepo hutoka kusini-mashariki, huvuka nchi kavu na kushuka ghubani kuelekea mlangoni. Asubuhi huwa mpole, alasiri huongezeka. Maji yakipwa nayo hutokea mlango huo huo. Maana yake ni kwamba alasiri ya kusi, maji yakiwa yanatoka, chombo kinasukumwa nje na upepo na mkondo kwa pamoja. Kutoka ni kama kuteremka kilima. Kurudi ni kupiga bisho, yaani kukata kona kona, dhidi ya vyote viwili, na ngalawa, kwa uzuri wake wote, si chombo cha kujivunia kwenye bisho. Kila ukigeuza lazima foromali, ule mti unaobeba tanga, ipitishwe upande wa pili wa mlingoti, na katika zile sekunde tanga halina kazi na chombo kinarudi nyuma.

Vijana tuliwafundisha hesabu ya mafungu 12, ambayo wazee wanaijua bila kuihesabu. Maji huchukua kama saa sita kupwa. Gawa kina chote kinachotoka mafungu 12: saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu nzima ya maji hutoka katika saa mbili za katikati. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo nusu hiyo ni maji mengi sana kupitia mlango mwembamba.

Sasa mwezi. Idd el-Fitri huja mwezi ukiandama, na mwezi ukiandama maji yanaingia bamvua. Kwa hiyo Idd Mosi ni bamvua kila mwaka. Na kwa kuwa umri wa mwezi ni ule ule, saa ya kilele cha maji nayo haihami sana: kwetu ni baada ya saa kumi alasiri. Kinachobadilika ni upepo, maana sikukuu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na kupita taratibu kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu na kichwa kilichotulia, unaweza kujua leo maji ya Idd ya miaka mitano ijayo yatakuwaje saa kumi alasiri. Sisi tulikuwa na kalenda.

Mpango ulivyokuwa

Mpango haukuwa mbaya. Idd Mosi ilichaguliwa kwa sababu watu wote wako nyumbani, watoto wamevaa nguo mpya, na bamvua huyaleta maji hadi karibu na mkungu ili watazamaji waone vyombo kwa karibu. Mzee wa Maji, nahodha mstaafu ambaye baba yake alimsimulia kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, aliridhia kwa sharti moja: waanze saa nane mchana, na ikifika saa kumi chombo cha mwisho kiwe kimepanda mchanga. Saa nane maji yangekuwa yanaingia. Atakayeshindwa kurudi angerudishwa na maji.

Njia ilikuwa mizunguko miwili: kutoka ufukweni hadi boya la ndani karibu na mikoko, kisha kutoka mlangoni hadi boya la nje, kisha kurudi. Ngalawa 11, watu wanne kila moja, jumla mabaharia 44. Jaketi okozi zilikuwa 30, na tulikubaliana wapewe kwanza vijana wa chini ya miaka 18.

Chombo cha uokoaji kilikuwa boti moja ya faiba ya kuazima. Mashine yetu wenyewe ilikuwa imekufa miezi minne. Mashine mpya ilikuwa imeahidiwa na mfadhili, na mgeni rasmi ndiye angekuja nayo na kuikabidhi mbele ya watu. Kifungu hiki kihifadhini kichwani mwenu, ndicho kilichoamua kila kitu.

Siku yenyewe

Saa saba na nusu mchana uwanja ulikuwa umejaa. Spika zilikuwa zinapiga, pilau inanukia, watoto wanalipa shilingi 500 kuzungushwa ghubani na boti ya faiba. Ndiyo, boti ya uokoaji. Mweka hazina aliona ni njia nzuri ya kurudisha gharama ya petroli, na hakuna aliyepinga.

Saa nane kamili mgeni rasmi hakuwepo. Katibu alipiga simu akaambiwa msafara uko njiani. Mtu yeyote aliyewahi kuandaa sherehe katika nchi hii anajua maana ya neno hilo.

Saa tisa kamati tulisimama pembeni. Tulikuwa na njia tatu: kuanza bila mgeni, kuahirisha hadi Idd Pili, au kusubiri. Tuliamua kusubiri, kwa sauti nne dhidi ya moja. Sababu zilisemwa waziwazi: tukianza bila yeye ataona amedharauliwa, na mashine inaweza kurudi ilikotoka. Mwalimu mmoja alipinga. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale wanne.

Saa kumi kasorobo magari yakafika. Mashine ilikuwemo, ndani ya boksi lake, nyuma ya pikapu. Ikafuata dua, utambulisho, risala, na hotuba. Mgeni alizungumzia uchumi wa buluu kwa dakika 25, na haki yake nimpe, alizungumza vizuri. Nyuma yake maji yalifika kilele, yakasimama.

Mzee wa Maji alimfuata mwenyekiti wa mashindano, akamshika bega. Nilikuwa hatua mbili kutoka hapo.

"Mwanangu, maji yamesimama. Yakisimama hayakai."

"Tumekusikia, mzee wangu. Anamalizia."

"Simsemi yeye. Nasema maji."

Kamati tukakutana tena, safari hii kwa dakika mbili. Uamuzi wa pili: tupunguze mashindano, mzunguko mmoja badala ya miwili. Wote tuliafiki, na tulijiona tumekuwa waangalifu. Mgeni rasmi alipuliza baragumu saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Jua lingezama baada ya saa moja na robo hivi, na mwezi ulikuwa uzi mwembamba ambao ungelifuata jua.

Kutoka kulikuwa kwa kupendeza. Sitasahau matanga 11 yakishuka pamoja kuelekea mlangoni, na wanawake wakipiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Vyombo vilifika boya la nje haraka kuliko mashindano yoyote tuliyowahi kufanya. Mwalimu aliyepinga alisema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ndiyo dalili mbaya.

Kurudi, kila kimoja kilipambana kivyake. Ngalawa saba zenye mabaharia wazoefu zilikumbatia ukingo wa mashariki ambako mkondo ni mdogo na nchi inakinga upepo, na ya kwanza ikagusa mchanga saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Watu wakaivamia, ngoma ikaanza. Ngalawa tatu ziliona haziwezi, zikatua matanga na kuegesha kwenye fungu la mchanga ndani ya mlango. Uamuzi huo ulikuwa wa manahodha wake wenyewe, na ulikuwa uamuzi bora kuliko wowote uliofanywa siku ile na mtu yeyote mwenye cheo.

Ya 11 ilipindukia mlangoni. Walikuwa wanageuza, foromali ikanasa kwenye mlingoti, upepo mkali ukaja, na kamba iliyofunga mrengu, ule ubao wa pembeni unaozuia chombo kisipinduke, wa upande wa chini ikakatika. Kwenye chombo hicho alikuwemo kijana wa miaka 16.

Jozi 16

Ufukweni hakuna aliyejua. Kilele cha sherehe kilikuwa juu, washindi wamebebwa mabegani, giza linaingia. Kamati ilikuwa inatafuta bahasha za zawadi. Daftari la waliotoka lilikuwepo, lakini la kuandika waliorudi hakuna aliyekuwa amepewa.

Mama Chai alikuja hadi kwenye meza kuu, mbele ya mgeni rasmi, akiwa na kanga mabegani na kijiko cha chai mkononi. Alisema chini ya benchi lake kuna jozi 16 za kandambili na jua limezama, sasa wenye miguu wako wapi.

Spika zilizimwa. Tukahesabu: vyombo vinne havipo. Boti ya faiba ikasukumwa majini na mashine ikawaka, lakini tangi lilikuwa limebaki na petroli ya kufika mlangoni na pengine kurudi. Dakika 15 zilipotea kumtafuta mwenye bodaboda aliyekuwa na mafuta kwenye chupa. Mashine mpya ilikuwa mezani, ndani ya boksi, imefungwa utepe.

Saa moja kasorobo watu 12 walitokea kwa miguu kutoka upande wa mikoko, wamechanwa na magamba ya chaza. Jozi 12 zikachukuliwa. Zikabaki nne.

Saa moja na dakika kumi boti iliwakuta watatu wameng'ang'ania utumbwi wao, nje kidogo ya mlango. Walifanya kama walivyofanya Jumamosi nyingi: hawakuacha chombo. Wa nne, yule kijana, aliachia. Aliona tanga na foromali vinakwenda, akaogelea kuvifuata. Wenzake walimwita, hakugeuka.

Boti ilianza kuzunguka pale pale ngalawa ilipopindukia. Mzee wa Maji, aliyekuwa ufukweni na simu ya mjukuu wake, akauliza imepita saa ngapi tangu walipopinduka, akanyamaza kidogo, kisha akasema wasitafute pale, maji hayamweki mtu alipoangukia. Waende kaskazini, nje ya mwamba. Wakati huo huo Mama Chai alisoma namba iliyoandikwa ukutani. Wavuvi wa dago walikuwa wameshatoka na taa, Idd au si Idd, kwa sababu giza la mwezi ndiyo kazi yao na mafuta hayasubiri sikukuu. Mzee akawaambia neno moja tu: zimeni mashine, msikilize.

Saa moja na dakika 40 walimsikia. Alikuwa ndani ya jaketi okozi ambalo kifungo chake kilivunjika na lilifungwa kwa kamba ya katani, na mkono mmoja ulikuwa bado umeshika ncha ya tanga. Alikuwa anatetemeka na amemeza maji mengi, lakini alijibu alipoitwa. Alilala zahanati usiku mmoja.

Kilichofuata

Siku ya pili ujumbe wa klabu ulikwenda kwa baba wa kijana kuomba radhi. Tulikuwa na barua ya idhini yenye sahihi yake, na nadhani sote tulikuwa na faraja ya siri kwamba karatasi ipo. Baba alitupokea vizuri, akatusikiliza, kisha akasema, "Mimi nimewasamehe. Ila mwenye maneno yuko Naumbu."

Mwenye maneno alikuwa mjomba wake. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ana kauli juu ya mtoto wa dada yake ambayo sahihi ya baba haiifuti. Nusu ya kamati ni watu wa huku huku na walilijua hilo tangu wakiwa watoto. Fomu yetu ilikuwa imeandikwa "mzazi au mlezi" kwa kuwa tuliinakili kutoka fomu ya shule.

Mjomba alituweka barazani muda mrefu kabla hajasema. Tanga lile lilikuwa lake. Alimwazima kijana kwa sherehe moja tu. Alisema tanga angeshona jingine, vitambaa vipo. Kinachomkera ni kwamba mtoto wake alipokuwa baharini usiku, aliwaza tanga la mjomba kabla ya kuiwaza roho yake, na hakuna mtu wa klabu aliyewahi kuja kumwuliza mjomba, ili naye apate nafasi ya kumwambia mtoto kwamba tanga si kitu.

Hatukuwa na jibu. Tanga jipya tulilishona chini ya mkungu kwa mchango, na mjomba alikuja siku ya kulikata.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, maana si haba. Mafunzo ya kupindua chombo yaliwaokoa watu watatu bila shaka yoyote. Jaketi kwa vijana kwanza, hata lenye kamba ya katani, lilimwokoa wa nne. Manahodha watatu waliotua matanga walijua kushindwa mapema. Na bomba la maji: namba ile ya ukutani ilikuwa pale kwa sababu watu walichota maji bila kutukanwa. Sijui ungeiandikaje hiyo kwenye mpango wa usalama, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kosa la kwanza, kusubiri, wengi hulieleza kwa kumlaumu mgeni rasmi. Mimi simo. Wageni rasmi huchelewa, hilo linajulikana kama kusi inavyojulikana, na mpango unaovunjika kwa jambo linalojulikana ni mpango mbovu. Tatizo ni kwamba tulikuwa tumefunga vitu viwili kwenye kamba moja: makabidhiano ya mashine na kuanza kwa mashindano. Yangetenganishwa, mgeni angekuta vyombo vinarudi, angetoa zawadi, angekabidhi mashine yake, na picha zingekuwa nzuri zaidi.

Kosa la pili ndilo ninalolifikiria zaidi, kwa sababu lilijivika nguo za busara. Tulipunguza mizunguko. Lakini hatari haikuwa kwenye urefu wa mashindano, ilikuwa kwenye boya la nje. Mizunguko mitano ndani ya ghuba ingekuwa salama kuliko mmoja uliopita mlangoni saa ile. Tulikata kilichokuwa rahisi kukata, tukaacha kile kilichokuwa kinaua. Na tulilifanya kwa dakika mbili huku spika zinalia, watu ambao kila Jumamosi tunasimama mbele ya vijana tukiwafundisha mafungu 12.

Nyuma ya makosa hayo mawili kuna moja. Katiba ya klabu ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mlezi na kamati nne. Hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema nani ana kauli ya mwisho juu ya maji. Mzee wa Maji alikuwa "mshauri". Mshauri husikilizwa, hushukuriwa, kisha mambo huendelea. Yeye mwenyewe hakupaza sauti, na nilipomwuliza baadaye kwa nini, alinijibu kwamba mtu mzima hagombani mbele ya wageni. Heshima ile ile inayotufanya tumwite mzee wetu ndiyo iliyomnyamazisha. Kama tunataka mtu kama yeye azuie, lazima azuie kwa cheo, pasipo kuhitaji kumkosea mtu adabu.

Katika kikao cha tathmini mmoja alisema mbona utabiri haukutoa tahadhari. Ni kweli, haukutoa. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa huja upepo unapozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita 2, na siku ile havikufika huko. Tulishaona Mtwara jinsi watu wanavyotii: Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, shule na ofisi zilifungwa na vyombo vikavutwa juu, na kimbunga kikaenda kutua Msumbiji. Tunajua kutii hatari yenye jina. Ile isiyo na jina, kusi ya kawaida ikikutana na maji ya kawaida kwenye saa isiyo yake, haitangazwi na mtu. Inabidi iwe na mwenyewe ufukweni.

Kosa la tatu, kutohesabu waliorudi, halihitaji maneno mengi. Tulikuwa na daftari la kutoka kwa sababu linapendeza mezani. Ninachotaka kuongeza ni kwamba Mama Chai alihesabu kwa sababu kandambili zilikuwa zinamzuia kufagia. Hesabu iliyofungwa kwenye kazi ya kila siku ya mtu haisahauliki, na ile iliyofungwa kwenye cheo husahaulika pale pale zawadi zinapoletwa.

Wapo waliopendekeza mashindano yahamishwe kwenye maji mafu, ambapo mkondo ni mdogo. Hoja ina uzito, lakini maji mafu kilele chake huangukia asubuhi, saa nne au tano, na alasiri huwa kuna tope refu kati ya watazamaji na vyombo. Mashindano yasiyo na watazamaji yangekufa baada ya miaka miwili, na pamoja nayo Jumamosi za vijana, maana ni sherehe hii inayowaleta. Nilipiga kura Idd ibaki.

Kilichobadilika

Baragumu sasa inakaa kwa Mzee wa Maji, nyumbani kwake, siku zote za mwaka. Asipoipuliza, hakuna mashindano, na hatakiwi kutoa sababu. Mgeni rasmi hutoa zawadi, hafungui. Boya la nje huwekwa tu ikiwa mashindano yataanza kabla ya saa tisa. Baada ya hapo linavutwa ndani ya ghuba, na anayelivuta ni boti ya uokoaji, ambayo kwa sharti hilo hulazimika kuwa na mafuta na isibebe abiria. Fomu ya vijana ina nafasi mbili za sahihi, na ya pili imeandikwa "mjomba au mwenye kauli". Walimu walicheka walipoiona. Hairuhusiwi kuachwa wazi.

Mambo mawili bado. Jaketi ni 38, hazijafika 44. Na wavuvi wa dago bado hawana mjumbe kwenye kamati. Kila nikilileta, ajenda huwa imeisha muda.

Tulitengeneza pia vibao 44 vya mbao vyenye namba, ubao wa misumari, kila baharia achukue chake akitoka na akirudishe akirudi. Mama Chai aliuangalia ubao huo akasema ni mzuri, akaendelea kuhesabu kandambili. Idd iliyofuata vibao vyote 44 vilikuwa vimerudi, lakini chini ya benchi ilibaki jozi moja. Alikataa kuhudumia chai. Tulizunguka ufukwe mzima kwa dakika 20 tukiita, boti ikawashwa, hadi mtoto mmoja alipotumwa kwenda kugonga mlango wa baharia mmoja kule mtaani. Alikuwa amelala, na mlangoni kwake zilikuwepo kandambili za mtu mwingine, kubwa kuliko mguu wake.